Anselmo na Uji wa Kuku

Piga kwanza, uliza baadaye. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Anselmo wa Mnyambe tangu ujana hadi mvi zilipomwingia ndevuni, na hakuna amri ya kanisani wala ya serikali aliyoishika kwa uaminifu kama hiyo. Aliirithi kwa baba yake, mzee wa kanisa aliyezijua zaburi nyingi kwa moyo, na ambaye siku moja alimvunja mwanawe kidole kwa mpini wa jembe kwa sababu mbuzi waliingia kwenye mihogo. Baadaye ilionekana kuwa kamba ya mbuzi ilitafunwa na panya. Kidole hakikunyooka tena, na baba hakurudi kusema lolote. Anselmo alikua akikitazama kidole kile kama wengine wanavyotazama cheti cha shule. Aliamini kimemfunza adabu.

Alipomwoa Anjelina, binti wa Chiungutwa, kanuni ilihamia nyumba mpya. Chakula kikichelewa, kofi. Jembe likipotea, kofi, kisha jembe likaonekana pale pale alipoliegemeza mwenyewe. Watu wa kijijini walisema ana mkono mwepesi, na walisema hivyo wakitabasamu, kana kwamba wanamsifu golikipa. Tabasamu lile nalo lilikuwa dhambi, maana ngumi ya mtu mmoja hustawi kwa ukimya wa majirani.

Korosho zilipopigwa na ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyafunika maua kwa weupe kama unga, Anselmo aligeukia kuku. Alijenga banda nyuma ya nyumba, akaleta vifaranga wa nyama, wale wa kisasa wanaonenepa upesi kuliko miguu yao inavyokomaa. Kundi lile ndilo lililobeba kila kitu. Binti yao Pendo alikuwa akingoja kwenda chuo cha ualimu, na baba yake alikwisha kutangaza mbele ya watu wakitoka ibadani kwamba kuku hao ndio watakaompeleka.

Wa kumsaidia bandani alikuwa Awadhi, Myao wa upande wa Masasi aliyehamia Mnyambe na mkewe Faidha. Awadhi alikuwa mtani wake. Mmakonde na Myao ni watani, na mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anaweza kukutania mbele ya wakweo, akachukua jogoo wako msibani na kumchinja, akakuiga unavyolia, nawe huna budi kucheka. Mtani hapigwi. Jambo hilo halijaandikwa popote, na hata mtoto mdogo analijua. Awadhi aliitumia haki yake kila asubuhi, na Anselmo, ambaye hakuvumilia neno la mtu mwingine yeyote, alivumilia maneno yake.

Mwezi wa sita, baridi ilipoingia na upepo kuanza kukwaruza uwanda wa juu, Anjelina alitumwa Masasi kununua mahitaji ya kuku. Muuzaji wa dawa za mifugo alimpa pakiti ya kimeng'enya na kumweleza kwa subira. Ndani ya pumba mna madini ya mifupa, alimwambia, lakini yamefungiwa, na kuku hana uwezo wa kuyafungua. Unga huu ndio unaoyafungua. Kwa hiyo ukiutumia, punguza ule unga wa mifupa mnaochanganya kila siku. Ila usiutie kwenye kitu cha moto, maana moto unauua. Njia nzima Anjelina aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo asije akayasahau.

Nyumbani, Anselmo alifurahia sehemu ya kwanza na akapunguza unga wa mifupa siku hiyo hiyo. Sehemu ya pili haikufika masikioni mwake. Alikuwa na desturi aliyoikuta kwa mama yake, na mama yake aliikuta kwa wakubwa wake, kwamba kuku wa msimu wa baridi hupikiwa uji wa pumba na makopa ya muhogo yaliyotwangwa, ili wapate joto tumboni. Uji ukiiva, huachwa upoe kidogo kisha huchanganywa na chakula kikavu. Anselmo alikiweka chungu kikubwa jikoni, uji ukatokota, naye akaumimina unga wa Masasi humo kama mtu anayetia chumvi.

"Baba Pendo," Anjelina alisema, "yule muuzaji amesema unga huu hautaki moto."

Kofi lilimkuta mdomo ukiwa bado wazi. Jino la mbele lilitoka, akalitemea kiganjani. Anselmo alimwambia kwamba mama yake aliwapikia kuku uji kabla yeye hajazaliwa, na kwamba mwanamke aliyekwenda Masasi mara moja asirudi na digrii. Anjelina aliufunga mdomo wake kwa kanga. Tangu siku hiyo aliutazama unga ukiingia chunguni kila asubuhi, akajua kinachotendeka, na hakusema tena.

Kuku walianza kukaa kitako. Kisha wakawa wanatembea kwa visigino, mabawa yameshika chini kama mikongojo. Wenye nguvu waliwageukia walioanguka, wakawadonoa nyuma mpaka matumbo yakatoka, na walioanguka walikuwa bado wanapiga kelele wakati wenzao wanawala. Anselmo aliingia bandani, akamnyanyua mmoja kwa mguu, mguu ukakatika mkononi mwake. Akamnyonga. Akamshika wa pili, paja likalegea kama tambi, akamnyonga naye. Aliendelea hivyo, anashika na kunyonga, mpaka mikono yake ikawa imelowa hadi viwikoni na lundo la manyoya meupe likafika magotini pake. Alikuwa anaua chuo cha binti yake kwa mikono yake mwenyewe, na alilijua hilo, na hasira ikamtafuta mwenye kosa.

Nani mwingine anaingia humu? Nani anayewakamata, nani anayewasogeza kwa mguu akifagia? Kwa Anselmo, swali kama hilo halikuwa swali. Lilikuwa jibu tayari.

Awadhi alifika akivuta baiskeli yake. Aliliona lundo na kuku waliobaki wakijikokota, na kwa kuwa mtani hutania hata kwenye jeneza, alitania. "Mtani, jana kulikuwa na ngoma usinialike? Hawa wanatembea kama Wamakonde wakitoka kwenye pombe ya uraka."

Anselmo alimwuliza kwa sauti ya chini amewafanya nini kuku wake.

"Mimi? Mimi nafagia mavi yao tu." Awadhi alimtazama Anjelina aliyesimama mlangoni, akificha pengo la jino kwa kanga, na uso wake ukaacha kucheka ingawa maneno yaliendelea. "Labda wewe ndiye umewafunza adabu. Hapa kwako, mtani, hata kuku wanatembea kwa magoti."

Mchi ulikuwa umeegemezwa kwenye kinu. Anselmo aliuchukua kwa mikono miwili na kumpiga Awadhi chini ya goti. Mlio ulisikika hadi kwa jirani. Awadhi alianguka juu ya baiskeli yake, na Anselmo alipiga tena pale pale, na mara ya tatu mfupa ulitokeza nje ya ngozi, mweupe, na damu ikaruka ukutani. Angepiga tena kama Anjelina hangejitupa katikati na kuupokea mchi begani.

Awadhi aliutazama mguu wake kama kitu cha mtu mwingine, kisha akamtazama Anselmo.

"Mimi ni mtani wako," alisema.

Majirani walimbeba, wakampakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu kumpeleka Newala, Faidha amemshika kichwa. Mgambo walimkamata Anselmo na kumkalisha chini ya ukuta ule ule. Walipokuwa wanangoja polisi, alifika Cecilia, mtaalamu wa mifugo wa kata, aliyeitwa kwa kuwa watu waliogopa kuku hao wana kideri na kitasambaa kijijini. Alichukua kuku mmoja kwenye lundo, akampasua mguu, akautoa mfupa na kuushika ncha mbili. Mfupa ulipinda kama ukanda wa kandambili.

Alisema kwamba hicho si kideri, na kwamba hakuna aliyewapiga. Mifupa haikupata madini. Akauliza walikuwa wanalishwa nini.

Anselmo alijibu kwa ukali kwamba aliwapa kilicho bora, hadi unga wa kitaalamu kutoka Masasi.

"Unauchanganya wapi?" Cecilia aliuliza.

Anselmo alimgeukia mkewe, na mkono wake ukainuka wenyewe kwa mazoea, mgambo akaushusha.

"Kwenye chungu kinachotokota," Anjelina alisema. "Nilimwambia. Alinitoa jino."

Cecilia aliweka mfupa chini. Aliwaeleza waliokuwepo kwamba moto uliumaliza unga kabla haujafika kwa kuku, na kwa kuwa unga wa mifupa ulikwisha kupunguzwa, ndege wale walikosa huku na huku. Anselmo alimwuliza mkewe:

"Kwa nini hukuniambia mara ya pili?"

Anjelina aliingia ndani, akafunga nguo zake na za Pendo, na jua lilipotua mama na binti walikuwa kwenye bodaboda ya kwenda Chiungutwa.

Mahakama ilimfunga. Mguu wa Awadhi uliungwa, lakini ulipona ukiwa mfupi na umepinda, na shamba likamshinda. Siku hizi anauza karanga kando ya barabara Nanganga, na anapoinuka hujishika kwenye nguzo ya kibanda. Pendo hakwenda chuo.

Anselmo alipotoka kifungoni, mama yake alifariki. Kwa kawaida watani hujaa kwenye msiba wa namna hiyo, wakalala kwenye kitanda cha marehemu na kudai walishwe, wakamfanya mfiwa acheke asipotaka. Wayao walituma ujumbe kwamba aliyemvunja mtani wake mguu hana watani. Kaburi lilichimbwa kimya, na Anselmo, kwa kukosa watu, alishika jembe mwenyewe, kidole chake kilichopinda kikiwa kimesimama pembeni ya mpini.

Kanuni ya Anselmo ilimgharimu mke, binti na kundi zima la kuku, na ilimgharimu Awadhi, ambaye hakuwa na kosa lolote, mguu wake wa kulia.