Kahawa Mbele ya Macho

Tangu asubuhi Kayitesi alikuwa akipika kahawa na kuimwaga. Anapika, anaonja, anasimama mlangoni kutazama barabara inayoteremka ziwani kana kwamba kuna mtu anayemngoja, kisha anarudi ndani, anachukua kikombe na kukimwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba.

"Mama, minyoo ya shamba hili haitalala leo," alisema binti yake, Liliane, huku akifunga vifungo vya sare yake ya hoteli.

"Na mimi je, nimelala?"

"Pika chai basi. Watu wa Cyanzarwe ni wanywaji wa chai."

"Sipikii watu wa Cyanzarwe."

Liliane alijua mama yake anampikia nani. Jumamosi wazee wa akina Shema, mchumba wake, wangekuja kutoka Cyanzarwe kumposa yeye Liliane, na kwa kuwa baba yake alikwisha kufa, kiti cha baba kilikuwa cha baba yake mkubwa, Munyaneza, anayeishi juu Bugeshi na ng'ombe wake. Munyaneza alikuwa ameleta habari kwamba atakuja, atakaa kitini, atazungumza na wageni na kupokea posa. Alichokuwa hajasema ni kama atakunywa. Tangu msiba wa mdogo wake, hajawahi kugusa hata maji katika nyumba ya shemeji yake.

Katika nchi hii jambo hilo si dogo. Mwenyeji huonja kinywaji kwanza ndipo ampe mgeni. Chupa ya soda hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, awe baani au kwa dada yake wa tumbo moja. Watu husema ni adabu, na kweli ni adabu, ila chini yake imelala hofu kongwe ya sumu, kama moto unaolala chini ya majivu. Anayekataa kunywa kwako hakutukani. Anatabasamu, anasema tumbo limejaa, na wengine waliokaa naye wanaimalizia sentensi vichwani mwao. Wazee wa Cyanzarwe wangeiona glasi iliyojaa mbele ya kiti cha baba, wangerudi kwao na swali, na swali la namna hiyo likishaingia nyumbani mwa watu, bibi harusi haingii tena.

Marehemu aliitwa Gakwaya. Yeye na kaka yake walizaliwa Karagwe, ng'ambo huko Tanzania, wazazi wao wakiwa wakimbizi. Waliporudi wakiwa vijana walikuja na Kiswahili cha huko na mapenzi ya kahawa, katika nchi ambayo watu waliilima kahawa kwa kuuza, wenyewe wakanywa chai ya maziwa. Gakwaya ndiye aliyemfundisha mkewe kukaanga, kusaga, kupika. Ndiye pia aliyempa biashara: hadi leo Kayitesi huvuka mpaka asubuhi akiwa na vifurushi vya kahawa ya kusaga kwa ajili ya migahawa midogo ya Goma.

Siku ya mwisho Gakwaya alikuwa anasafiri kwenda Kigali. Kayitesi alimjazia thamosi, akaikaza kifuniko, akaifunga kwa kipande cha kitenge ili isigongwe. Basi halijafika Musanze, Gakwaya akashika kifua. Madaktari walisema ni moyo. Watu walilia, wakazika, na pale kaburini Munyaneza akauliza swali moja kwa sauti ya chini:

"Thamosi ile, nani aliifunga?"

Hakurudia kuuliza. Hilo tu.

Ndiyo maana wiki hii Kayitesi alikuwa akizipima njia za kupika kahawa kama mtu anayepima mashahidi. Hakutafuta iliyo tamu. Alitafuta isiyo na mahali pa kuficha kitu.

Ya sufuria aliijua zaidi: maji yachemke, utie unga, uipue, unyunyize maji baridi kidogo ili machicha yazame. Kahawa ya nyumbani, nzito, yenye harufu inayofika hadi kwa jirani. Lakini nani anajua kilichozama pamoja na machicha? Kulikuwa na birika la chuma la Kiitaliano, ambamo maji hukaa chini na kahawa hupanda juu yenyewe kwa mvuke. Liliane alikuwa amelinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama. Kahawa yake kali, safi. Ila yote hupikika gizani, ndani ya chuma, halafu inatokea juu kama uchawi. Birika hilo alilirudisha kabatini bila hata kulisuuza. Ya kopo, inayoyeyuka, ndiyo nyepesi kuliko zote kwa msafiri: kijiko, maji moto, basi. Alikoroga mara moja, akauona ule unga ukipotea ndani ya maji, akajisikia vibaya. Hata ile ya kulowekwa usiku kucha katika chupa ya maji, ambayo yeye mwenyewe huinywa baridi akiwa kwenye basi la alfajiri, ilikuwa na kosa lilelile la thamosi. Imeandaliwa watu wakiwa wamelala.

Likabaki jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma chini kwa mkono, kama lile la hotelini kwa Liliane, na kikabaki kitambaa. Jagi lilionyesha kila kitu. Lakini Munyaneza hakuwahi kuliona, na kitu kigeni mbele ya mtu mwenye shaka ni shaka ya pili.

"Kitambaa," alisema Nadra, alipoulizwa kesho yake huko Goma. "Kila mutu anajua kitambaa. Iko kama soksi, inaning'inia, unamwanga maji juu, kahawa inashuka chini. Nini ya kuficha mule?"

Nadra alikuwa na mgahawa wa mbao karibu na mpaka, na kwa miaka mingi alikuwa mteja wa Kayitesi, kisha rafiki, kisha kitu kinachozidi rafiki. Mfuko wake wa kuchujia, ulioshonwa kwenye duara la waya, ulikuwa umekuwa mweusi kama ulimi wa ng'ombe.

"Bon, mi nakuuliza, Mama Liliane. Batu ba Goma bote banakunywa kahawa yako. Nani alishakufa?"

"Watu wa Goma si shemeji zangu."

"Donc mupatie Fanta. Afungue ye mwenyewe na meno yake."

"Akinywa Fanta amekunywa Fanta ya kiwanda. Nataka anywe ya mkono wangu."

Nadra akaacha kumimina, akamtazama. "We mama, uko na kichwa nguvu. Na akikatala mbele ya bageni?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtembeza Kayitesi usiku na mchana, kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barabarani. Hakuweza kuingoja Jumamosi. Akaomba mfuko mpya wa kitambaa kwa Nadra, akavuka mpaka kurudi, na kabla jua halijapanda sana alikuwa nyuma ya pikipiki akielekea Bugeshi, kahawa na kitambaa mapajani. Maji hakuchukua, wala sufuria wala vikombe. Alitaka vyote viwe vya huko.

Bugeshi ilikuwa na ukungu na harufu ya viazi vilivyofukuliwa. Alimkuta Munyaneza zizini, mrefu, amevaa koti zito na buti za mpira. Mzee alipomwona shemeji yake hakushangaa, au aliuficha mshangao wake.

"Shemeji. Jumamosi imekuja mapema?"

"Nimekuja kukupikia kahawa."

Mzee akatazama kile kitambaa cheupe mkononi mwa Kayitesi. Akafikiri. Kisha akasema, "Mke wangu yuko shambani. Jiko lile pale."

Kayitesi akapika uani, mbele ya macho ya mzee. Maji ya mtungi wake, makaa yake, sufuria yake. Alifungua kifurushi, akamnusisha. Akatia unga kwenye mfuko, akamwaga maji polepole, na kahawa ikashuka kwenye bakuli kama uzi mweusi. Akajaza vikombe viwili, akasema, "Chagua wewe." Munyaneza akachagua. Kayitesi akanywa chake, kisha akachukua kile cha shemeji yake, akanywa humo pia funda moja, akamrudishia.

Munyaneza akakishika kwa mikono miwili. Akazungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya ndama aliyezaliwa na mguu uliopinda, na jinsi alivyomfunga vijiti hadi ukanyooka. Mvuke ulipanda usoni mwake, ukapungua, ukaisha. Kikombe hakikupanda mdomoni.

"Shemeji, inapoa," alisema Kayitesi.

"Naona."

"Nimefanya nini ambacho hukukiona?"

Munyaneza aliweka kikombe chini, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile za Karagwe, buni mbichi zilizochemshwa na majani fulani ya porini kisha zikakaushwa hadi maganda yakawa meusi na kukunjamana. Binamu yake ndiye aliyemletea, alisema mzee. Akaipasua moja kwa ukucha. Ndani, kama kawaida, punje mbili zimelala uso kwa uso. Akanyoosha kiganja, zote mbili juu yake.

"Kwetu mgeni hupewa hii hata kabla hajakaa. Haina maji, haina moto, haina chombo. Karibu."

Kayitesi akanyoosha mkono. Na mkono ukasimama.

Hakuuambia usimame. Ulisimama wenyewe, hewani, juu ya kiganja cha yule mzee, naye akajikuta akiwaza juu ya majani yale ya porini, ni majani gani, na karatasi ile imekaa mfukoni tangu lini, na mbona yeye hajatia punje yake mdomoni. Ukungu ulipita kati yao. Ng'ombe mmoja alikohoa zizini.

"Unangoja nionje kwanza," alisema Munyaneza.

Hakusema kwa ukali. Kayitesi alihisi joto likimpanda shingoni hadi masikioni. Akaichukua punje, akaitia mdomoni, akaitafuna. Ilikuwa chungu, yenye moshi, na mwisho wake utamu mdogo uliochelewa.

"Sikuwahi kusema ulimuua," alisema mzee, akitafuna ya kwake. "Hata moyoni sikusema. Siku ile ya arobaini ulinipa maji, mkono ukakataa. Nami nikauacha ukatae. Halafu ikawa desturi. Mtu ataanzaje kunywa baada ya kukataa miaka? Watauliza, kulikoni?"

"Mkono wako umenitia doa, shemeji."

"Najua."

"Hujui. Wewe uko huku juu na ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita sokoni wanawake wakinyamaza."

"Basi nisomee yote. Nimekaa."

Lakini maneno yote aliyokuwa ameyabeba tangu msiba, aliyoyapanga akiwa mpakani, aliyoyapanga upya akiwa jikoni, yalikuwa yamemtoka. Kila alipofungua kinywa aliuona mkono wake mwenyewe umesimama hewani. Alikusanya kitambaa chake kibichi, akakikamua.

Munyaneza akamwaga kahawa iliyopoa kwenye majivu. "Jumamosi usinipikie kabla sijafika," alisema.

Njia nzima ya kurudi Kayitesi aliligeuza neno hilo. Je, ilikuwa ahadi, au lilikuwa tusi lililovaa shati la ahadi? Atakuja kuangalia ili anywe, au atakuja kuangalia ili apate sababu? Liliane alipomuuliza, alisema, "Atakuja," akaenda kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jumamosi watu wa Cyanzarwe walikuja na mashati yaliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Munyaneza akakaa kwenye kiti cha baba. Kayitesi akaleta jiko la makaa hadi sebuleni, akaliweka katikati, jambo ambalo halifanywi, na msemaji wa wageni akatania: "Tumekuja kuomba msichana, kumbe tutachomwa!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitundika kitambaa juu ya jagi la kioo, akamwaga maji, na kwa muda kila mtu akatazama kahawa ikishuka, maana mazungumzo hayakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Akajaza kikombe cha kwanza. Akakiinua kuelekea mdomoni mwake, kama ipasavyo, aonje kwanza.

"Lete," alisema Munyaneza.

Aliunyoosha mkono wake mrefu juu ya jiko, akakitwaa kikombe kabla hakijagusa midomo ya Kayitesi, akanywa. Akanywa tena. Wageni wengi hawakuona kitu; mmoja tu, mzee mwenye kofia, alitazama kikombe, akamtazama Kayitesi, kisha akanyoosha mkono naye apewe. Wakaendelea na habari za ng'ombe wa mahari, ubishi ukapamba moto, na Shema pale pembeni akaanza kutabasamu bila kujizuia.

Kayitesi hakusikia hata ng'ombe walikuwa wangapi. Alikuwa akimtazama Munyaneza. Mzee alipokohoa, moyo wa Kayitesi uliruka. Mzee alipojishika tumbo akicheka, Kayitesi alisimama nusu. Alipoaga jioni na kupanda gari, alitazama kama anakanyaga sawasawa. Yule ni mzee, aliwaza. Wazee hufa. Mungu wangu, asife wiki hii. Asife mwaka huu.

Asubuhi, hata jogoo hawajamaliza kuwika, alipiga simu Bugeshi. Iliita, ikakatika. Akapiga tena, akiwa amesimama, akiwa anatembea, mlangoni, jikoni, mlangoni.

"Haloo!" ilijibu sauti nzito, na nyuma yake maziwa yakichuruzika kwenye ndoo.

"Shemeji. Umeamkaje?"

Akamsikia akicheka puani.

"Nimeamka, shemeji. Nakamua ng'ombe. Niache."