Ufunguo shingoni mwa mke wangu, na fundi wa mkanda aliyekuja kuufuata nyumbani

Wakuu, heshima kwenu wote humu. Siongezi chumvi, haya yamenikuta mwenyewe, na mke wangu akisoma atajua ni mimi.

Nalima mahindi Misima, Handeni. Familia ipo Masuguru, Korogwe mjini, kwa hiyo siku nyingi nalala shamba.

Mke wangu, mama Shufaa, anafanya kazi kiwanda cha mkonge. Yupo kwenye mkanda, ile konveya inayopeleka majani kwenye mashine. Makapi yakijaa chini yake, yeye ndiye anaingia kuyatoa.

Mimi nina wivu, sifichi. Na miezi yote hii jina lililotawala nyumbani kwangu ni Baraka, fundi wa mkanda. Baraka kakataza khanga, tuvae ovaroli. Baraka kasema nywele zifungwe.

Huyu jamaa ni nani hata ampangie mke wangu mavazi?

Jumamosi moja nikarudi jioni, nikamkuta anasonga ugali. Shingoni ana kamba imeingia ndani ya gauni. Nikadhani hirizi. Nikaivuta, ukatoka ufunguo.

Nyumba yetu ina kufuli moja, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi mfukoni.

"Wa nini huu?"

"Wa kazini. Nimesahau, nimeondoka nao."

"Nani kakupa?"

"Baraka."

"Na yeye anao wa kwake?"

"Hana. Upo huo tu."

Nikasusa chakula. Nikamwambia nikigundua kitu, kila mtu atashika njia yake.

Asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Kijana mtanashati, anamuulizia mama Shufaa. Ndiye Baraka mwenyewe. Damu ikanichemka.

Nikamnyooshea ufunguo. "Chukua uende zako."

Hakuupokea. "Samahani kaka, huo mimi siruhusiwi kuushika. Lazima aje mwenyewe."

Wakuu, mwanaume kafika kwako, unampa ufunguo, anakwambia anamtaka mkeo. Wewe ungefanyaje?

Nikasema tunaenda wote. Tukapanda mshikaki. Baraka anaendesha, mke wangu nyuma, mimi katikati kuwatenganisha. Watu njiani walicheka, niliwaona.

Kiwandani ndipo nikaelewa. Swichi kubwa ya mkanda ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Anayeingia chini anaifunga mwenyewe na ufunguo anakaa nao mwilini, hakuna mwingine popote. Baraka akasema kiwanda alichokuwa zamani ulikuwepo wa akiba. Mama mmoja akiwa chini, mwenzake akadhani katoka, akafungua, akawasha. Yule mama alipoteza mkono.

Kwa hiyo kufuli la mama Shufaa hata meneja haligusi. Shifti nzima ilikuwa imekaa inamsubiri.

Ila kabla hajafungua ilibidi aingie tena, maana rola la mwisho, lile gogo la chuma linalozungusha mkanda, lilikuwa bado limesokotwa na makapi. Baraka akabonyeza kitufe cha kuwashia mbele yetu kuhakikisha mkanda hauwaki. Mke wangu akavaa ufunguo shingoni, akaingia.

Nikachuchumaa nimuone. Anavuta makapi huku anaongea na Baraka habari za rola, ametulia kabisa, na sauti ile mimi sijaisikia nyumbani siku nyingi. Wivu ukanichoma palepale.

Baraka akaondoka kufuata kisu. Nikabaki mimi.

"Baraka, upo hapo?" mke wangu akaita.

"Kaenda kuchukua kisu. Nipo mimi kwenye swichi."

Akaacha makapi, mkono ukaenda shingoni, ukapapasa mpaka ukaushika ufunguo. Ndipo akaendelea na kazi.

Muda wote Baraka alipokuwa amesimama pale, hakuushika hata mara moja.

Nilichojifunza, wakuu: kama mtu wako anafanya kazi kwenye mikanda, asiingie chini bila kufuli lake mwenyewe, na ufunguo asimwachie mtu. Na mavazi ya kuning'inia wakimkataza, nyamaza, rola halichagui mke wa nani. Hilo halina mjadala.

Ila wivu bado ninao. Namwonea Baraka, kwa sababu yeye akiwa kwenye swichi, mke wangu hagusi ufunguo.

Wenye ndoa humu, hapo mtu anaanzia wapi? Nasoma zote, hata za kunichana.