Zambarau za Kimbiji

Juzi sokoni Temeke, karani mmoja wa serikali, kaptula imenyooshwa pasi, alimwamkia mama muuza matunda na kuulizia zambarau. Mkewe mjamzito hataki kula kingine.

“Zimekwisha, mwanangu. Kule kwetu Kimbiji vuli imepukutisha maua. Kisarawe nako ni haba.”

Karani akamtazama midomo. “Mama, hebu toa ulimi.”

Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akautoa. Ulikuwa wa zambarau. Akafunua kikapu, akampa fungu alilojiwekea mwenyewe.

“Mpelekee mkeo. Usionje njiani.”

Baadaye nilikutana na karani karibu na kwake, nikamsalimu. Aliitikia kwa kichwa, midomo kaibana. Mie sikumwambia atoe ulimi.