Mchezo wa Mtu Mmoja, Wachungaji Wanne

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa Nduguti, kule nilikokulia, kwa shughuli za ofisini tu, na nilikusudia kuondoka siku hiyohiyo. Nikakatiza nyuma ya soko kutafuta chai. Pale palipokuwa na mashine ya kukamua alizeti nikakuta duka la vifaa vya ujenzi, ndoo za rangi zimepangwa hadi barazani. Nilisimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwenye duka akaniuliza, "Dada, nikusaidie nini?" Ningemwambia nini mimi? Nikanunua misumari ambayo sina kazi nayo, nikaondoka nayo mkononi.

Zamani zile, ruhusa ilipotoka kwamba kila mwenye uwezo afungue biashara yake, mashine ile ndiyo iliyotuchangamsha. Umeme wa nguzo ulikuwa haujatufikia. Injini ya dizeli ilikohoa kutwa nzima, msimu wote baada ya mavuno, na kila nyumba ikanuka alizeti iliyochemka. Watoto tuliokota mashudu yakiwa bado na joto, tukayatafuna hadi taya zikachoka. Bibi yetu alitugombeza kwamba hicho ni chakula cha ng'ombe. Kisha tulimkuta mwenyewe nyuma ya jiko, shavu limevimba, anatafuna taratibu na kutazama pembeni.

Msimu mmoja akaja kijana kutoka Dar es Salaam na kompyuta aliyoizungushia blanketi. Alipanga chumba kilichoshikamana na mashine, akavuta waya kutoka kwenye jenereta ya injini, akaandika mlangoni kwa chaki kwamba anafundisha kuchapa. Tulimwita mwalimu wa kompyuta. Asubuhi alifundisha makarani na wasichana waliomaliza shule, na alasiri, wanafunzi wake wakishaondoka, alifungua mchezo.

Nikueleze ulivyokuwa. Ulikuwa mchezo wa ng'ambo wa kupiga risasi, ila rafiki yake wa chuoni alikuwa ameuchokonoa akautengeneza upya. Hadithi yote ilikuwa imeondolewa, ukabaki uwanja mmoja wa mviringo uliozungushiwa ukuta, na wewe katikati na bunduki yako. Mazimwi yalitoka kwenye malango, kundi kwa kundi. Ukiyamaliza, baragumu inalia, yanakuja mengine makubwa zaidi. Raundi zilikuwa kumi na mbili. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuvuka ya tisa.

Kaka yangu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Alichunga ng'ombe wa bibi pamoja nami na mapacha wa jirani, na alasiri moja mapacha wakapewa zamu ya kunywesha, sisi wawili tukapita kwa mwalimu kuchungulia. Kesho yake tukaenda wote wanne. Mwalimu akamwachia kaka kiti. Kaka alijaribu mara moja, akaliwa, kioo kikawa chekundu, akajaribu tena, akaliwa. Ndipo akafanya jambo ambalo sidhani mtoto wa mahali pengine angelifanya. Akatupanga kama malishoni. Yeye akashika vitufe vya kutembea, kwa sababu ndiye aliyezoea kutangulia. Pacha mmoja akapewa kitufe cha risasi, wa pili akapewa namba za kubadilisha bunduki. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote na vitufe vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo nikapewa kazi niliyokuwa nayo porini, ya kuangalia nyuma. Pembeni mwa kioo palikuwa na duara dogo lenye vidoa vyekundu. Kila kidoa kilikuwa zimwi, na kilichokuwa chini ya duara kilikuwa mgongoni kwetu. Kazi yangu ilikuwa kupaza sauti, "Nyuma! Nyuma kulia!"

Mwalimu alicheka hadi akashika mlango. "Jamani, huu mchezo ni wa mtu mmoja!"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu," kaka akamjibu bila kugeuza shingo.

Tulivuka raundi ya tisa kabla ya wiki kwisha. Tulibanana kwenye kiti kimoja na stuli moja, mikono yetu inanuka mashudu, na mngurumo wa injini unatikisa meza. Kioo kilififia kila fundi alipomwaga debe jipya la alizeti, na hapo sote tulishika pumzi. Bibi alipopita kututafuta alisimama mlangoni, akapokea shikamoo zetu, akatazama kioo kwa muda. "Haya mazimwi mnayazuia yasile nini?" akauliza. Utacheka, lakini siku mbili zilizofuata tulizimaliza kukimbia kandokando ya ule ukuta, tukitafuta ng'ombe. Kwa akili zetu lazima walikuwepo mahali fulani, la sivyo tulikuwa tunapigana kwa ajili gani? Hatukuwaona, na pacha wa namba alihuzunika kweli.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilikuwa mtoto ambaye nyumbani alitumwa chumvi na kuambiwa anyamaze wakubwa wanapoongea. Pale, nilipofungua mdomo, watu watatu waligeuka kwa pamoja. Kaka hakulitazama lile duara hata mara moja. Alikuwa na macho yangu, akayaamini.

Alizeti ilipokaribia kwisha, mwalimu akatangaza kwamba anahamia Singida mjini kufungua darasa kubwa, na anataka kijana wa kumfundisha kazi, atakayeishi naye kama ndugu. Kaka akaomba. Usiku na mchana hakuwa na neno jingine. Hata akikamua maziwa alikuwa anapiga vidole kwenye ndoo. Mwalimu alimpenda, lakini alikuwa na wasiwasi. "Wewe hujawahi kushinda kwenye kompyuta peke yako," akamwambia. "Kule mjini hakutakuwa na mapacha. Maliza raundi zote kumi na mbili mwenyewe, nami nitakuchukua."

Bibi aliridhia, akamtafutia begi. Mimi niliona begi lile limening'inia ukutani na nikaanza kulala nikiligeuzia mgongo. Kaka ndiye aliyenibeba mtoni maji yalipojaa. Ndiye aliyeniletea matunda ya furu yamefungwa kwenye ncha ya shati, yakaacha madoa ambayo bibi alimpigia kelele yeye. Wote walimwombea ashinde. Nami nilisema "amina" pamoja nao.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mwalimu alitutoa nje wote, akaonya kwamba atakayempigia kelele kaka atakuwa amemharibia. Mapacha wakakaa barazani. Mimi nikazunguka hadi kwenye kidirisha kilichokuwa nyuma ya kiti chake, nikapanda juu ya gunia la mashudu, na kioo chote nikakiona juu ya bega lake.

Alicheza vizuri, rafiki yangu. Alicheza kwa mikono yake miwili kazi ya mikono yetu yote. Raundi ya kumi ikapita, ya kumi na moja ikapita, baragumu ikalia mara ya mwisho. Likatoka zimwi kubwa kwa mbele, naye akaanza kulizunguka taratibu kama mtu anayemzunguka fahali mkorofi. Ndipo nikaona kidoa kimoja kwenye duara, chini kabisa.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Onyo la mwalimu nililisahau kabisa, nisikudanganye. Nilichokiona ni basi la asubuhi na mkono wa kaka dirishani. Nikafumba mdomo. Mabega yake yakapanda kidogo, kichwa kikainama upande kama anayesikiliza, kisha, katikati ya vita, akaacha kioo na kugeuka nyuma mzimamzima. Tukatazamana. Nyuma yake kioo kikawa chekundu.

Mwalimu akanikuta pale dirishani, akanisifu mbele ya watu kwa nidhamu yangu ya kukaa kimya. Jumatatu mwalimu akaondoka na kompyuta yake kwenye blanketi, na begi likarudishwa chini ya kitanda.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi niliivuta ngozi ile hadi ikapasuka. Nilimpata kaka kwa msimu mmoja tu. Alichunga bila kupiga mluzi, na mavuno yaliyofuata yalipokwisha akaondoka kwenda machimboni kutafuta dhahabu, alfajiri, kabla sijaamka. Alirudi mara chache, kila mara akiwa amekonda zaidi na kifua kikimsumbua zaidi.

Siku tulipomzika bibi tulikaa wawili tu nje ya zizi lililobaki tupu. Nikajikaza, nikamwambia ukweli, kwamba nilikiona kile kidoa na nilinyamaza makusudi. Alikohoa, akacheka kidogo.

"Nilijua kuna kitu nyuma," akasema. "Msimu mzima wewe hukuwahi kunyamaza, mdogo wangu. Nilikuona ukizungukia dirishani; ulipokaa kimya sana nikadhani umeanguka kutoka kwenye lile gunia. Niligeuka kuona kama upo."

Hakuishi hadi mvua zilizofuata. Machimbo yalikuwa yamekwisha kumla kifua. Mapacha nao wametawanyika, mmoja Itigi, mwingine sina habari zake, na uwanja ule wa mazimwi uliharibika pamoja na kompyuta iliyoubeba. Siku hizi nina kompyuta yangu na ofisi yangu, ninafunga mlango na kufanya kazi peke yangu kama mwalimu alivyotaka. Watu husema nimefika mbali. Lakini ningerudishiwa mchana ule, hata dakika moja, ningepaza sauti hadi injini isisikike, amalize raundi yake, apande basi lake la asubuhi, aende mjini akazeeke.