Jicho la Kulia la Kaa wa Bibi

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa na miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, na kwa kuwa mwaka ule vioo vya miwani viliadimika kama sabuni na sukari, alituangalia kwa upande, kama kuku anayekagua punje. Naanza na hilo si kwa sababu lina maana yoyote. Naanza nalo kwa sababu nilimchukia kidato cha pili chote, sasa niko cha tatu, na bado sijachoka.

Ilianza siku ya somo la homoni. Aliandika ubaoni kwamba kwa kila mnyama jike kuna tezi kichwani inayotoa amri, amri inasafiri kwenye damu, ikifika kwenye ovari mayai yanaanza kukua. Amri ni moja tu, alisema: anza. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa kaa si hivyo. Kwa kaa amri ni ya kuzuia. Inatoka jichoni."

Akanigeukia kwa kile kioo kizima.

"Nani kakwambia?"

"Bibi."

Hapo kosa lilikuwa langu, nakiri. Ningesema nimesoma kitabuni, angeuliza kitabu gani nami ningedanganya vizuri. Lakini nilisema bibi, kwa kuwa ndiye.

"Bibi yako anafundisha chuo kikuu gani?" akauliza, na darasa zima likaangua kicheko, hata rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja, mshenzi yule. Mwalimu akaona mchezo umekolea. Akaandika ubaoni BIBI, mbele yake akachora sifuri kubwa. "Bibi yako ni mwongo," akasema, "na wewe umerithi. Kuanzia leo sitaki kusikia neno kaa likitoka kinywani mwako mpaka umalize kidato cha nne. Na utang'oa visiki vitatu kwenye shamba la pamba."

Nikang'oa. Visiki vya mgunga, kwa jembe lililolegea mpini. Kila nilipopiga jembe nilikuwa nikimwona yeye pale chini.

Nieleze bibi alikuwa anasema nini, kwa sababu mwalimu hakunipa nafasi.

Bibi yangu anakaa upande wa Geita, kwenye vilima, juu kidogo ya mahali wachimbaji wanapooshea mchanga wa dhahabu. Kijito kwake bado ni safi, na kina kaa. Tunawatumia kama chambo cha kambare, na wakinona tunawachoma. Tatizo ni kwamba sisi na majirani tunafuga kila mmoja wa kwake kwenye vizizi vya mawe majini, na mvua ikinyesha vizizi vinabomoka, kaa wanachanganyika. Watu wengine wangegombana. Sisi Wasukuma tukafanya kile tunachofanya kwa ng'ombe: tukawatia alama. Ng'ombe unamkata sikio. Kaa hana sikio, ila jicho lake linakaa juu ya kikonyo kama kichwa cha kiberiti, na ukikifinya kikonyo linatoka. Wa kwetu walitolewa la kulia, wa majirani la kushoto. Wenye macho yote ni wa Mungu.

Basi bibi, aliyekuwa akiwafungua kaa kwa miaka mingi kuliko umri wa mwalimu, aliona jambo. Majike wenye alama walikuwa wanajaa mayai ya rangi ya machungwa ndani ya gamba hata kiangazi, wakati wenzao wenye macho mawili bado wana vijiuzi vyeupe visivyo na kitu. "Jicho ndilo linalomzuia," aliniambia nikiwa bado mtoto. "Linaangalia nje, linaona jua kali, linamwambia bado. Ukilitoa, hakuna wa kumwambia bado."

Hiyo ndiyo habari yote. Ndiyo iliyochorewa sifuri.

Likizo ilipofika nilimsimulia bibi. Sikutaka, lakini alinishika viganja akaona malengelenge ya jembe. Alikuwa anapepeta mtama, akasimamisha ungo.

"Alisema mbele ya watu?"

"Darasa zima, bibi."

"Kwamba mimi mwongo."

"Ndiyo."

Akaendelea kupepeta. Nilifikiri ataishia hapo. Baadaye akasema, "Basi neno hilo alirudishe mbele ya hao hao." Nami nikajua nina kazi.

Nilirudi Shinyanga juu ya lori la pamba na ndoo ya kaa kumi na wanane, wote majike, nimewachagua kwa ule mfuniko mpana wa tumboni, wote wana macho yao. Kivukoni utingo akauliza ndani ya ndoo kuna nini. Nikamwambia mashemeji zako. Akafunua, akafunika haraka, na mpaka Mwanza hakuniuliza tena kitu.

Nyuma ya maabara kulikuwa na birika la saruji lililoachwa, nikaligawa kwa matofali. Upande mmoja tisa wenye macho mawili. Upande wa pili tisa ambao niliwatoa jicho la kulia. Sikufurahia kuwatoa, walirusha miguu. Ila nilikuwa na hasira ya kutosha. Wote walikula chakula kimoja: ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, tulioletewa bwenini, ambao sisi wenyewe tulikuwa tunaukimbia, pamoja na majani na kumbikumbi wakipatikana. Nikawa naandika kila Jumamosi kwenye daftari nani yuko hai. Saba walikufa, wawili kati yao wameliwa na wenzao.

Rafiki yangu alikuwa akisimama pale akinicheka. "Daktari wa wagonjwa wasiolipa," alikuwa ananiita. Lakini ndiye aliyekuwa akiniletea maji, kwa hiyo nilimsamehe kile kicheko, karibu chote.

Wiki ya saba tukatangaziwa kuwa mkaguzi anakuja. Mwalimu akahaha. Alitaka somo la vitendo la kupasua mnyama, na kiangazi kile hata chura hakuonekana mji mzima. Hapo rafiki yangu, kwa sauti ya malaika, akamwambia, "Mwalimu, nyuma ya maabara kuna kaa."

Alikuja na kuinama kwenye birika. Akaniangalia.

"Hawa ni wa nani?"

Nikajigusa kifua. Sikufungua mdomo.

"Umekuwa bubu?"

Nikatikisa kichwa kwa heshima. Hakukumbuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko visiki: yeye alikuwa amekwishasahau. "Tutawatumia," akasema, akaenda zake.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye kalamu tatu. Alikaa nyuma karibu nasi. Mwalimu akapanga sahani kumi na moja mezani, kundi la kwanza sita, la pili watano, akaanza kuinua magamba. Sita wa mwanzo: vijiuzi vyeupe. Akaeleza vizuri tu kuhusu ovari. Akafika kwa wa saba. Gamba lilipoinuka, rangi ya machungwa ikamwagika kwenye sahani. Wa nane hivyo hivyo. Wa tisa, wa kumi. Wa kumi na moja alikuwa mweupe kama wale wa kwanza. Asubuhi ile, baada ya kumwona ndiye mdogo kupita wote, rafiki yangu alinishauri nimtupe, nikakataa. Nilitaka kushinda bila kumwachia mtu pa kushika.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "hawa wametoka birika moja?"

"Ndiyo, mama. Ni jaribio tulilolifanya hapa shuleni."

Tulilolifanya. Nikasikia rafiki yangu akinikanyaga mguu chini ya meza.

"Naona walio na mayai wote hawana jicho la kulia. Mliwatoa?"

Mwalimu akainama kutazama. Naapa ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaona. Akainua kichwa polepole, kile kioo kizima kikanitafuta. "Wewe," akasema kwa utamu ambao sikuwahi kuusikia kwake, "simama umweleze mama."

Nikasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, siwezi kueleza. Kuna neno nimekatazwa kulitamka mpaka nimalize kidato cha nne."

"Neno gani?"

"Ndilo hilo, mama, siwezi kulitaja. Yuko kwenye sahani."

Darasa likaanza kuumwa na vikohozi. Mkaguzi akamgeukia mwalimu, na mwalimu akafuta mikono yake kwenye koti, mara mbili, ingawa ilikuwa imekauka.

"Ni utani wa darasani tu," akasema. "Nimekuruhusu. Sema."

"Ahsante, mwalimu. Lakini haya si maneno yangu, ni ya bibi. Na bibi alishasemwa humu kuwa ni mwongo. Nikieleza, mama atakuwa anasikiliza maneno ya mwongo."

Mkaguzi alikuwa ameweka kalamu chini. Mwalimu akasema kitu akiangalia sahani.

"Mwalimu, huku nyuma hatujasikia," nikasema.

"Nilisema bibi yake ni mwongo," akarudia, kwa sauti ya ubaoni. "Nilikosea. Si mwongo."

Ndipo nikaeleza. Nilianza kwa kusema kaa, kaa, kaa, mara tatu, kupasha mdomo moto. Mkaguzi akatuambia kwamba ndani ya kile kikonyo mna tezi, nayo hutoa homoni inayoizuia ovari isikuze mayai kabla ya wakati. Ukikata kikonyo, kizuizi kinapungua. Akauliza bibi yangu alisoma wapi. Nikamwambia mtoni.

Jumatatu nikapewa visiki vitano kwa kosa la kuchelewa mstarini, na sikuwa nimechelewa. Nikang'oa vyote nikiimba.

Likizo iliyofuata bibi aliuliza swali moja. "Alisema kwa sauti?"

"Mara mbili."

Akaridhika, akaingia mtoni mwenyewe, akatoka na kaa jike mkubwa mwenye macho mawili, akamfunga kwa majani ya mgomba. "Mpelekee mwalimu wako zawadi. Mwambie huyu hana alama, ni wake."

Nilimkabidhi darasani, mbele ya hao hao. Zawadi ya mzee haikataliwi, na mwalimu, ambaye kwao ni mjini, akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akafungua majani. Kaa anashikwa kwa nyuma, kidole gumba juu ya gamba na vingine chini, mahali magando hayafiki. Mwalimu alimshika kwa mbele. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kumwambia. Lakini nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kulitamka neno lile mbele yake, na asubuhi ile likanikwama kooni.