Mtaa Uliochaguliwa na Keki

Katika kazi yangu ya udalali nimeona watu wakichagua nyumba kwa vigae, kwa majirani, hata kwa rangi ya geti. Mke wa kaka yangu ndiye wa kwanza kuniletea keki na kuniambia, "Shemeji, hii ndiyo itakayochagua."

Walikuwa wanahamia mjini kwetu na watoto wao. Kaka alipata kazi kiwanda cha rangi. Shemeji huoka keki na kuzipeleka kwa baiskeli. Gari la kukodi hataki hata kulisikia, maana faida yote inaishia kwa dereva, na hapo mimi na yeye lugha ni moja. Meneja wa ukumbi wa sherehe, katikati ya mji, alishampa sharti: Jumamosi alete keki ya ghorofa tatu. Ikifika imesimama, kazi ni yake. Ikifika imelala, wasijuane.

Nilianza na nyumba ya kilimani, yenye kamisheni nono. Kaka aliipenda papo hapo: baraza pana, lori linafika mlangoni. Shemeji akafunga keki ya majaribio kwenye keria, nami nikakodi baiskeli, tukashuka. Mteremko ule una matuta kama mgongo wa mamba. Kila tuta nasikia ndani ya boksi: pu! Chini tukafungua, ghorofa zote zimekuwa sakafu.

"Haya dalali, iuze na hii," akasema, akinikabidhi kijiko. Tukaila palepale kando ya barabara, krimu hadi puani.

Mtaa wa pili, tulikokwenda na keki nyingine, uko karibu na maghala na ni tambarare kama meza. Nikajua nimeshinda. Loo! Lori likatupita na upepo wake, shemeji akaingia mchangani, baiskeli ikasimama, keki ikaendelea na safari.

"Shemeji, kweli unatutafutia nyumba, au unatufukuza mjini?"

Nyumba za kuonyesha zikaniishia. Nikamgeukia fundi baiskeli aliyekuwa akininyooshea rimu iliyopinda kwa matuta. "Wateja wako wanaokuja kujaza upepo tu, bila kuvunjikiwa kitu, wanatoka wapi?"

Akanyoosha spana kuelekea ng'ambo ya mfereji. "Kule. Wale hawanipi hela kabisa."

Tukavuka daraja jembamba ambalo gari haliwezi kulipita. Ng'ambo kuna barabara laini yenye kivuli, na kengele zinalia kama shule imefungwa: muuguzi na sare yake, seremala kabeba mlango mzima kwenye keria, bibi kamweka mjukuu kapuni. Nikaachia breki, nikajikuta nacheka peke yangu.

Tulipata nyumba nyuma ya duka la mshonaji, jiko kubwa kuliko sebule.

"Tatizo, haina pa kuegesha gari," mama mwenye nyumba akasema kwa aibu.

"Hilo ni tatizo kubwa, mama," nikajibu, nimekunja uso kama nimefiwa. Shemeji akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Kodi ikashuka, ikashuka tena, na mama wa watu akanishukuru.

Kaka ndiye aliyegoma. "Lori la vyombo vyetu litapita wapi? Keki ya Jumamosi ikilala, tunahamia kilimani, na mjadala umefungwa."

"Ikisimama?" mkewe akauliza.

"Ikisimama, nitabeba kabati kwa meno."

Jumamosi shemeji akaioka keki katika jiko la nyumba ile, mwenye nyumba akimpepelea boksi kwa kanga lisipate joto. Tukaondoka. Seremala akatangulia bila kuombwa, anapiga kengele na kupaza sauti, "Pisheni keki! Keki inapita!" Watu wakapisha, wakapiga makofi, mwingine akauliza bibi harusi yuko wapi. Shemeji akanyonga bila kupepesa macho. Kaka alikuwa akitusubiri ukumbini, amekunja mikono.

Meneja akafungua boksi. Akaizunguka keki, akachuchumaa, akaichungulia kwa ubavu.

"Umekuja na gari gani?"

"La miguu miwili," shemeji akasema. "Sharti lako ulikumbuke."

Akalikumbuka. Kesho yake lori likabaki ng'ambo ya daraja. Godoro likavuka kwa baiskeli ya seremala, kabati likavuka kwenye baiskeli mbili zilizofungwa pamoja, mtaa mzima ukielekeza kwa kelele. Kaka akavuka wa mwisho, amepanda keria ya mkewe, kakumbatia sufuria, anapayuka, "Punguza mwendo, mke wangu, nina watoto!"

Mkewe akazidi kukanyaga.