Geti Dogo la Mwenyekiti

Redio ilisema kulikuwa na fujo. Mtangazaji aliyesoma habari ile hakuwepo uwanjani, na aliyemwandikia nadhani aliondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Mimi nilikuwepo mpaka shabiki wa mwisho alipokwenda zake, na sikuona jiwe likirushwa wala kiti kikivunjwa. Nilichokiona ni watu waliopanga mstari. Kama siku hizi kupanga mstari ni fujo, basi kiongozi wa fujo zile alikuwa mjane mwenye gauni la kijivu na viatu vya kushindia, na mjane huyo ni mkazamjomba wangu.

Mumewe, ndugu wa mama yangu tumbo moja, alikuwa mwenyekiti wa klabu yetu kwa miaka mingi. Kabla ya hapo na baada ya hapo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nataka nieleze alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu siku ya kumkumbuka walisimama watu wakamweleza vibaya, tena kwa kipaza sauti.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichokuwa wazi upande wa barabara. Nje kulikuwa kumeegemezwa mageti na grili za madirisha zinazosubiri rangi, na ndani kulinuka chuma kilichoungua hata siku ambazo hakukuwa na umeme. Mikono yake ilijaa madoa madogo ya cheche. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza kitu akiwa amevaa miwani yake myeusi, alimaliza kwanza kuunga chuma chake, akavua miwani, akakutazama kana kwamba ndiyo kwanza unafika, ndipo akajibu. Watoto wa dada zake tulizoea. Tulikuwa tukiuliza swali, tunakaa, tunasubiri.

Uenyekiti haukuwa kitu cha kugombaniwa wakati ule. Timu ilikuwa imeshuka daraja, viongozi wake wameingia mitini, na katika mkutano wa wanachama kila aliyetajwa jina aliinamisha kichwa. Mjomba alikuwa amefika pale kupima dirisha la ukumbi. Alikuwa juu ya ngazi, futi ya kupimia mkononi, anasikiliza bila kutaka. Mtu mmoja akasema, "Tumpe fundi, angalau yeye yuko juu." Watu wakacheka, wakanyoosha mikono huku wanacheka, na mikono ikahesabiwa kuwa kura. Alishuka kwenye ngazi akiwa mwenyekiti, akauliza kama dirisha bado wanalitaka.

Msimu wake wa kwanza tulifungwa vibaya nyumbani. Mashabiki wakawasubiri wachezaji nje ya vyumba vya kubadilishia nguo, na chupa moja ikampata kipa juu ya jicho. Kipa yule alikuwa ametoka kumzika baba yake wiki ileile. Mjomba hakuitisha kikao wala kutoa onyo. Alikwenda kwenye ukuta wa pembeni wa uwanja akatoboa nafasi, akatengeneza geti dogo la nondo, la kupita mtu mmoja tu, tena mwembamba. Tulipofungwa tena, alisimama pale akapaza sauti yake iliyokauka kwa moshi:

"Mwenye hasira apite huku! Wachezaji waacheni wakaoge."

Walimzunguka, wakamuuliza ana nini. Akawaambia, "Mkishinda mna wachezaji. Mkifungwa mna mimi."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao sijapata kuuona kwingine. Tukishinda, hukumwona, alikuwa ameshafika karakana. Tukifungwa, alikuwa getini. Mlikuja mmoja mmoja. Ungemwambia lolote, ila mama wa mtu asitajwe. Ukimaliza, unapita, unakwenda kwenu, na wachezaji huwagusi. Yeye alikuwa na jibu moja tu.

Bingwa wa pale alikuwa fundi viatu mmoja ambaye sisi wote tunamwita Kipaza, kwa sababu ya sauti aliyojaliwa. Namkumbuka siku moja amefura, mishipa ya shingo imemsimama.

"Mwenyekiti, beki wako wa kushoto ni pazia! Upepo kidogo tu, huyo, amefunguka!"

"Nimesikia."

"Na wewe mwenyewe ni mzigo! Bora tungemchagua mbuzi, angalau angetupunguzia haya majani. Uwanja gani huu? Mpira unapotea kama sindano!"

"Majani nimesikia. Kesho yatakatwa. Nani anafuata?"

Na kesho yake yalikatwa. Nilimwona mwenyewe akisukuma mashine.

Nyumbani mkazamjomba hakuwa na subira hiyo. Alikuwa akimwekea chakula, anakaa mbele yake, ameshika tama.

"Leo wamekuita nani?"

"Wamesema mbuzi ananishinda."

"Wiki iliyopita ulikuwa punda. Naona unashuka cheo."

Mjomba alicheka, lakini chakula hakukimaliza. Mkazamjomba alikuwa anaona yale ambayo watu wa getini hawakuyaona: sahani inayorudi nusu, mtu anayegeukia ukutani bila kulala. Aliwachukia mashabiki wale kimyakimya, miaka yote.

Kisha timu ikapanda daraja, na wale walioingia mitini wakatoka mitini. Wakaja na wafadhili na suti. Mkutano wa uchaguzi ukaitishwa hotelini, asubuhi ya siku ya kazi, saa ambazo fundi viatu yuko kwenye viatu na muuza duka yuko dukani. Walioweza kuhudhuria walikuwa haohao wenye suti. Wakasema klabu sasa ni kubwa na inahitaji mwenyekiti mwenye hadhi. Mjomba alifika akitoka kazini, na masizi yake, wakamshukuru kwa makofi mengi wakamtoa. Kila nikikumbuka yale makofi damu hunichemka. Mtu akikufukuza kwa matusi unajua umefukuzwa. Hawa walimfukuza wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na ilimbidi aseme ahsante.

Mwenyekiti mpya ni mfanyabiashara. Mashabiki wanamwita Vioo Vyeusi, kwa sababu ndicho wanachokijua kwake. Gari lake linaingia mpaka kwenye ngazi za jukwaa kuu, na tukifungwa linatoka kabla wachezaji hawajapeana mikono. Eneo la geti dogo likafanywa maegesho ya wageni, na geti likatiwa mnyororo na kufuli.

Sasa fikiria watu waliozoea kusema, halafu pa kusemea pakafungwa. Jumatatu moja baada ya kufungwa, Kipaza alitokea karakana. Nilikuwa nimekwenda kumwona mjomba, nimekaa kwenye kopo la rangi. Kipaza hakusalimu. Alianza na kipa, akaja kwa kocha, akarudi kwa beki wa kushoto. Mjomba akamaliza kuunga chuma chake, akavua miwani.

"Mimi si mwenyekiti tena."

"Najua."

"Sasa mbona unanifokea mimi?"

"Nimfokee nani? Lile gari? Vioo havina masikio."

Mjomba akaiweka chini ile miwani. "Haya, sema. Lakini fupisha, nina geti la watu."

Wakazoea. Kila Jumatatu ya kufungwa walikuja, nje ya kibanda, mmoja mmoja, wanamlaumu kwa makosa ya mtu mwingine. Naye alisikiliza mpaka kifua kilipomlaza. Mwaka jana tukamzika.

Msidhani ni viongozi walioanza kumkumbuka. Mashabiki ndio walioanza kuliimba jina lake kila tulipofungwa, na msimu huu tumefungwa sana. Wimbo ule ulimkera Vioo Vyeusi mpaka akaona heri auchukue uwe wake. Ikatangazwa mechi ya kumbukumbu ya mwenyekiti wetu mpendwa. Mpendwa! Mtu waliyemfungia geti lake mwenyewe.

Katibu wa klabu alikuja nyumbani kwa mkazamjomba kumwalika. Alikaa ukingoni mwa kiti, anachezea funguo za gari.

"Mama, utakaa jukwaa kuu. Na utakabidhiwa picha ya mzee, kubwa, ya fremu."

"Geti dogo litafunguliwa?"

"Mama, pale siku hizi ni maegesho ya wageni."

"Sijauliza siku hizi ni nini. Nimeuliza litafunguliwa?" Mkazamjomba alikunja mikono mapajani. "Sikiliza, mwanangu. Mashabiki walikuja hapa kuniomba. Wanataka mechi ikiisha wapite pale, kila mmoja aseme neno lake, kama zamani. Mimi sijawahi kuwapenda wale watu. Lakini wameniomba kwa adabu, nami nimewakubalia. Picha mkitaka leteni, msipotaka acheni. Mimi nataka geti."

"Litafunguliwa, mama. Nakuahidi mbele ya huyu dada." Akaninyooshea kidole mimi.

Kwa hiyo mimi ni shahidi, na ninaandika kama shahidi.

Siku ilipofika tuliketishwa kwenye viti vya mito. Vioo Vyeusi alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, na kwamba uongozi wake unafuata nyayo zake. Nilitaka kuuliza nyayo zipi. Za mjomba baada ya kufungwa zilielekea getini. Zake zinaelekea garini. Lakini kipaza sauti kilikuwa kwake.

Wakafunua picha. Mjomba alikuwa amevaa suti nyeusi na tai nyekundu, mabega mapana kama ya mlinzi wa benki. Maisha yake yote hakuwahi kumiliki tai. Mkazamjomba akainama kuitazama.

"Huyu mwenye tai ni nani?"

"Ni mzee, mama," katibu akanong'ona. "Wataalamu wameitengeneza kidogo, apendeze."

"Kichwa ni cha mume wangu. Mwili ni wa nani?"

Mpiga picha akamwambia atabasamu.

Mechi tulifungwa, na goli lilipitia upande wa beki wa kushoto. Katibu hatukumwona tena tangu mapumziko. Kipenga kilipolia, kipaza sauti kikatangaza kwamba mashabiki wote watoke kwa geti kubwa. Hawakubisha. Walitoka kwa geti kubwa, wakazunguka ukuta wote kwa nje, wakaja mpaka geti dogo. Sisi tulishuka kutoka jukwaani, tukapita katikati ya magari. Mnyororo ulikuwa palepale, na kufuli lake.

"Ufunguo anao katibu, mama," mlinzi alisema, anatazama viatu vyake. "Na simu yake haipatikani."

Nyuma ya nondo kulikuwa na nyuso, moja nyuma ya nyingine, mpaka pembe ya ukuta. Niliogopa. Nilijua ghadhabu ya watu wale ilivyo, na safari hii walikuwa na haki nayo. Mkazamjomba akanipa ile picha niishike. Akaenda akasimama pale ambapo mumewe alikuwa akisimama, akashika nondo.

"Mwenye hasira aanze."

Kipaza alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amevua kofia.

"Mama, wewe hatuwezi kukufokea."

"Mume wangu mliwezaje?" Sauti yake ilipanda, na nilijua kwamba maneno yale yalikuwa yamekaa miaka. "Mmemfokea mpaka chakula kikawa hakimshuki. Mmemfuata mpaka kazini kwake, hana cheo, hana chochote, mnamfokea. Akawasikiliza. Leo mna haya? Nimewaombea geti nikadanganywa, nimepewa picha ya mwili wa mtu nisiyemjua, na nyie mnanitazama? Semeni!"

Kipaza akasogea kwenye nondo. Sauti ile iliyompa jina ikatoka ndogo, kama ya mtu anayeongea mbele ya mgonjwa.

"Beki wa kushoto, mama."

"Amefanya nini?"

"Ni yuleyule. Pazia."

"Nimesikia. Nani anafuata?"

Wakaja. Mmoja alimlaumu kocha. Mmoja alilaumu bei ya viti vya kivuli. Mwanamke mmoja mtu mzima alisema kwamba geti hili mzee alilitengeneza kwa ajili yao na si kwa ajili ya magari, akashindwa kuendelea, na mkazamjomba akamwambia amesikia. Wengine waligusa tu nondo wakapita kando ya ukuta.

Njia ya nje ni nyembamba, na mstari ulikuwa umeijaza. Gari la Vioo Vyeusi likatoka kwa geti la magari likakwama katikati ya watu, usawa wetu hasa. Likapiga honi. Hakuna aliyeligusa, na hakuna aliyesogea. Honi ikalia tena. Kioo cha nyuma kikashuka kiasi cha vidole.

"Mama, tuna kikao. Waambie watupishe."

Mkazamjomba hakugeuza shingo. "Mstari unaanzia kule nyuma."

Kipaza alicheka kicheko chake cha zamani, kikagonga ukuta. Kioo kikapanda. Gari likabaki pale, limewashwa, mpaka mtu wa mwisho aliposema yake. Hiyo ndiyo fujo iliyotangazwa: msafara wa mwenyekiti umezuiwa na wahuni. Kuhusu ahadi ya katibu, redio haikusema neno. Kuhusu mnyororo pia haikusema.

Walipokwisha, mkazamjomba alichukua picha mikononi mwangu akamkabidhi mlinzi.

"Mpe katibu. Mwambie amrudishie mwenye mwili wake. Kichwa ninacho nyumbani."

Tukatoka kwa geti kubwa, tukatembea kuzunguka ukuta, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa anahema, na nilidhani analia. Tulipofika barabarani akasimama kunisubiri.

"Hata punda hawakuniita," alisema. "Au kazi yake sikuifanya vizuri?"

Kabla sijajibu akaniuliza mechi ijayo ya nyumbani ni lini.